Uzi Mwembamba Kuliko Unywele

Mgongo wa mkono wangu wa kushoto hauna ngozi ya mkono. Una ngozi ya kinena. Nikinenepa kidogo, mkono nao unanenepa, nikikonda, unakonda. Mteja akileta suruali ya kufupisha, anaangalia mkono kwanza, ndipo anaangalia cherehani. Watu wazima wanaona haya kuuliza. Watoto wa hapa Muhokya hawana haya: "Baba, mkono wako umevaa nini?" Nawajibu umevaa koti.

Miye ni fundi wa kushona nguo. Nilizaliwa Butembo. Nilivuka mpaka pale Mpondwe, dada yangu amebeba kichwa cha cherehani ndani ya kikwembe kama mtoto, nikakaa Bwera, halafu nikashuka Muhokya kwa mama mdogo aliyeolewa huku. Lugha haikunisumbua, kwa sababu Kinande chetu na Lukonzo cha hapa ni watoto wa mama mmoja. Wafanyakazi wa mashirika wanaijua Muhokya kwa kambi ya watu wa Kilembe waliofukuzwa na maji ya mto Nyamwamba, Mei 2020. Wenyeji wanaijua kwa chokaa. Miye naijua kwa barabara, kwa sababu barabara hiyo ndiyo iliyonivua ngozi.

Jarida letu limeandika sana historia ya vita, ya mafuriko na ya njia tulizopita. Ni vizuri. Lakini wahariri waliposema tena wanataka historia, nikawaza: mwili nao una historia yake. Kuna watu waliokaa miaka mingi wakitafuta namna ya kufunika mfupa uliobaki wazi, na kazi yao imefika mpaka kwenye mkono wangu, ila haikufika yote. Nitaeleza ilivyofika, na ilipoishia.

Siku ya lami

Ilikuwa jioni, natoka Kikorongo juu ya boda, nimeshika gunia la vitambaa. Lori likatupita karibu mno, dereva wa boda akakwepa, tukaanguka. Yeye alichubuka goti. Miye niliburutwa, mkono wa kushoto chini. Nilipouinua, ngozi ya mgongo wa mkono ilikuwa imevuka kama glovu, na ndani naona nyuzi nyeupe zinazong'aa. Fundi nguo anajua uzi. Nikajua hizi ndizo zinazovuta vidole. Watu wa hospitali wanaziita kano.

Mahali pa kwanza waliponipeleka, ngozi ilirudishwa juu na kushonwa kwa kubana, mchanga mwingine ukiwa bado ndani. Silaumu kwa jina. Palikuwa usiku, na mtu alifanya alichojua. Siku ya 4 mkono ulinuka. Dada yangu akasema twende hospitali kubwa. Majirani wakasema usiende, kule wanakata. Nikasikiliza majirani. Nikakaa siku nyingine 2, homa ikapanda, ndipo dada akaniambia, "Yaya, kama ni kukatwa ukatwe mkono, usikatwe roho." Tukaenda.

Daktari wa upasuaji aliyenipokea alikata nyama yote iliyokufa. Kesho kutwa akakata tena kidogo, akaosha. Hakushona. Nilishangaa, nikafikiri ameniacha. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: kidonda kichafu hakifungiwi mlango na mwizi yumo ndani. Baadaye akaketi pembeni mwa kitanda akanieleza, nami namshukuru kwa kuketi kuliko kwa kisu chake. Alisema: "Ngozi nyembamba tungeweza kuichukua pajani tukaibandika, lakini haishiki juu ya kano tupu. Ngozi ya kubandika ni kama mbegu, inahitaji udongo wenye damu. Kano hazina udongo. Zikikaa wazi zinakauka, zikikauka zinakufa, na vidole vinakufa pamoja nazo. Unahitaji kipande kinene kinachokuja na damu yake."

Nikauliza kipande hicho kinatoka wapi. Akasema ziko njia 2. Ya kwanza: kukata kipande cha ngozi na mafuta kinenani, kukiacha kimeshikamana na mwili upande mmoja ili kiendelee kunywa damu, kisha kuushona mkono juu yake. Mkono unakaa hapo wiki 3 mpaka uote mizizi yake ya damu, halafu wanakata shina. Njia ya pili: kukitoa kipande chote mahali pake pamoja na mshipa unaoleta damu na ule unaoirudisha, kukipeleka kwenye kidonda, na kushona mishipa hiyo na mishipa ya mkono chini ya hadubini. Siku moja, basi. "Lakini," akasema, "hadubini sina, na hata ningekuwa nayo sina watu wa kukaa na wewe usiku kucha."

Nikashonwa kinenani. Wiki 3 mkono wangu ulikaa kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni na haipati. Kulala ni mgongo tu. Kuoga ni dada. Kukohoa ni hatari. Wanaume wa wodi walicheka, nami nilicheka nao, kwa sababu usipocheka utavuta mkono na kuung'oa. Katika wiki hizo 3 ndipo swali liliponiingia: nani alifikiria jambo hili kwanza? Na ile njia ya pili, ilianzaje, na kwa nini haikunifikia?

Kutoka India mpaka Kariakoo

Njia yangu ni ya zamani sana. India, katika kitabu cha uganga cha Sushruta, tayari wameeleza kutengeneza pua iliyokatwa kwa kutumia kipande cha ngozi kilichobaki kimeshikamana na mwili. Wazungu walikuja kuliona baadaye. Mwaka 1794 gazeti moja la London lilichapisha habari ya Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa mizigo aliyefanya kazi na jeshi la Waingereza, akatekwa na askari wa Tipu Sultan, akakatwa pua. Aliyemtengenezea pua mpya, kwa ngozi ya paji la uso, hakuwa daktari wa chuo. Alikuwa mtu wa ukoo wa wafyatua matofali. Nilipenda hapo. Uganga huu ulikuwa kazi ya mafundi kabla haujawa kazi ya madaktari, na mgonjwa wake anayekumbukwa ni mtu wa kawaida aliyenaswa katika vita vya wakubwa. Sisi tunamfahamu mtu huyo.

Halafu vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Mizinga iling'oa taya na pua za askari kwa maelfu. Harold Gillies, daktari aliyezaliwa New Zealand, aliwakusanya wenye nyuso zilizoharibika katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa 1917. Aligundua kwamba kipande cha ngozi kikikunjwa na kushonwa kama bomba, damu yake inalindwa, nacho hakiozi haraka. Bomba hilo lingeweza kuhamishwa hatua kwa hatua, kutoka kifuani mpaka usoni, kama mtu anayehama kambi moja mpaka nyingine. Picha za askari hao zipo hadi leo, kabla na baada.

Vita hivyo hivyo vilipiganwa huku kwetu pia. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walichukua wapagazi kwa nguvu, wanaume kwa malaki, wabebe risasi na unga kutoka bandarini mpaka porini. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa. Nani alitengeneza nyuso zao, miguu yao? Hakuna picha za kabla na baada. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa Carrier Corps; kilichobaki kwa wengi ni jina la soko, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Siandiki hivi kwa uchungu tu. Nataka tuone kwamba tangu mwanzo ufundi huu ulikua kwa sababu ya vita, lakini haukuwahudumia wote walioumia katika vita.

Uzi mmoja, hata hivyo, ulifika Afrika Mashariki. Binamu wa Gillies, Archibald McIndoe, aliwatibu marubani walioungua katika Vita Vikuu vya Pili pale East Grinstead. Daktari mmoja Mwingereza aliyefanya kazi Kenya, Michael Wood, alikwenda kujifunza kwake. Mwaka 1957 Wood, McIndoe na Mmarekani Thomas Rees walianzisha shirika tunalolijua leo kwa jina la AMREF, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuruka kwa ndege ndogo mpaka hospitali za mbali. Wengi wanaiona AMREF kama ndege ya dharura. Wachache wanajua kwamba waanzilishi wake wote 3 walikuwa mafundi wa ngozi na nyama, watu wa kutengeneza upya kilichochanika.

Mama wa Lyon na sindano zake

Sasa njia ya pili, ile ya mishipa. Hii ndiyo iliyonifanya nipende historia, kwa sababu ndani yake nimemkuta mtu wa kazi yangu.

Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon. Kisu kilikata mshipa mkubwa wa damu tumboni. Madaktari walimzunguka, na hakuna aliyeweza kuuziba, kwa sababu wakati huo karibu hakuna mtu aliyejua kushona mshipa wa damu ukabaki wazi ndani. Rais akafa. Kijana mmoja aliyekuwa anasomea udaktari mjini humo, Alexis Carrel, alikasirika. Yeye aliona kwamba kama nguo inashonwa, mshipa nao ungeweza kushonwa. Basi akaenda kwa mama mmoja fundi wa tarizi, Madame Leroudier, akajifunza kwake kutumia sindano nyembamba na uzi mwembamba.

Mwaka 1902 alitangaza namna yake. Mshipa uliokatwa ni kama mkono wa shati: ni duara, na ukishona duara ovyo utashika upande wa pili bila kujua, tundu likazibika. Carrel aliweka nyuzi 3 za kushikilia kuzunguka mdomo wa mshipa, akazivuta, na duara likawa pembetatu yenye pande 3 zilizonyooka. Upande ulionyooka ni rahisi kushona. Kila fundi anayesoma hapa amewahi kufanya hivyo na pini. Mwaka 1912 Carrel alipewa tuzo ya Nobel. Baadaye aliandika mambo mabaya kuhusu watu aliowaona duni, na hilo nalo tulitaje, kwa sababu mkono mzuri hauhakikishi moyo mzuri. Mama wa Lyon hakupewa tuzo.

Lakini Carrel alishona mishipa mikubwa. Mshipa wa kidole una upana wa milimita 1 hivi, na jicho tupu haliwezi. Ilibidi kusubiri hadubini. Madaktari wa masikio walikuwa wameanza kuitumia huko Sweden miaka ya 1920, na mwaka 1960, Marekani, Julius Jacobson na Ernesto Suarez wakaipeleka kwenye mishipa ya damu. Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1962 madaktari wa Boston walirudisha mkono mzima wa mtoto aliyepata ajali ya treni. Mwaka 1963, Shanghai, timu ya Chen Zhongwei ilirudisha kiganja cha mfanyakazi wa kiwandani. Julai 1965, mjini Nara, Japani, Komatsu na Tamai walirudisha kidole gumba kilichokatika kabisa. Harry Buncke wa California alifanyia majaribio yake ndani ya gereji ya nyumba yake, pamoja na mkewe ambaye naye alikuwa daktari, akihangaika kutengeneza sindano ndogo ambazo hazikuwa zikiuzwa dukani. Mwaka 1968 John Cobbett, pale pale East Grinstead, alichukua kidole cha mguu cha mgonjwa akamtengenezea gumba.

Uzi wanaotumia leo kwenye mishipa midogo sana ni wa nailoni, mwembamba kuliko unywele wa kichwa. Sindano yake ukiidondosha sakafuni usiitafute.

Sasa sikilizeni miaka 2 hii. Mwaka 1972, McGregor na Jackson wa Glasgow walieleza vizuri kipande cha kinena chenye mshipa wake, kile kinachoachwa kwenye shina mkono ukashonwa juu yake. Hicho ndicho changu. Mwaka 1973, Melbourne, Daniel na Taylor walichukua kipande cha kinena hicho hicho, wakakikata shina, wakakihamishia kwenye mguu wa kijana aliyeumia, wakashona mishipa chini ya hadubini. Kikaishi. Katika kitabu, kutoka njia ya kwanza mpaka ya pili ni mwaka 1. Kwenye kitanda changu, baada ya karibu miaka 50, nilikuwa bado upande wa 1972.

Kwa nini haikunifikia

Ni rahisi kusema: umaskini. Neno hilo linafunga mazungumzo haraka. Nilimwuliza yule daktari siku ya kukata shina, akanieleza vitu kimoja kimoja, na nimeviandika kwa ajili ya wanaotaka kusaidia.

Kwanza, hadubini yenyewe si tatizo kubwa kuliko yote. Wapo wanaoshona mishipa kwa miwani ya kukuzia. Tatizo ni saa. Operesheni moja inaweza kuchukua saa 6, saa 10, na muda wote huo chumba kimoja cha upasuaji kimefungwa. Mama anayehitaji kujifungua kwa kisu asubiri wapi?

Pili, ni usiku. Kipande kilichohamishwa kinaweza kuzibika damu wakati wowote, hasa siku 2 au 3 za mwanzo. Muuguzi anatakiwa akiangalie mara kwa mara, karibu kila saa: rangi yake, joto lake, ukikibonyeza damu inarudi upesi au polepole. Kikiwa cheupe na baridi, damu haiingii. Kikiwa cha zambarau na kimevimba, damu haitoki. Kikibadilika saa 8 usiku, timu irudi chumbani usiku huo huo. Kesho asubuhi ni kuchelewa. Wodi yenye muuguzi mmoja na wagonjwa 40 haiwezi kazi hiyo, hata ukiiletea hadubini ya dhahabu.

Tatu, ni kuchelewa kwetu sisi. Huko Ljubljana daktari aliyeitwa Marko Godina aliangalia wagonjwa wake na kuonyesha, katika maandishi yaliyotoka 1986, kwamba waliofunikwa kidonda ndani ya siku 3 za mwanzo walipona vizuri zaidi kuliko waliocheleweshwa: vipande vilivyokufa vilikuwa vichache, usaha wa mfupa ulikuwa mdogo. Godina mwenyewe alikufa kwa ajali ya gari mwaka huo huo, bado kijana. Miye nilifika siku ya 6.

Lakini msifikiri ni kazi ya ng'ambo tu. Hapa Uganda, Kisubi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, ipo hospitali ya CoRSU, iliyofunguliwa 2009 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, watoto hasa. Madaktari wake, wakiwemo George Galiwango na Andrew Hodges, wamehamisha vipande kwa hadubini, na mwaka 2016 wakachapisha mapitio ya miaka 6 ya kazi hiyo bila kuficha changamoto. Nairobi, Januari 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta walirudisha kiganja cha kijana wa Kiambu kilichokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Aliwahi, na kiganja kilikuja pamoja naye. Kwa hiyo ujuzi upo, na walio nao ni watu wa huku huku. Kutoka Muhokya mpaka Kisubi ni zaidi ya kilomita 300. Si mbali kama Melbourne.

Na tusidharau njia ya kwanza. Wapasuaji wa vita wanaokwenda Goma na kwingine wanajua kwamba risasi ikija na majeruhi 30 kwa usiku mmoja, kinachookoa viungo ni kukata kilichokufa, kuosha, kuacha wazi, kurudi baada ya siku chache, na kufunika kwa njia iliyo rahisi kuliko zote inayofaa. Kwa mguu, mara nyingi msuli wa shavu la mguu unaweza kugeuzwa ukafunika mfupa bila hadubini yoyote. Daktari anayejua kugeuza msuli huo, katika hospitali ya wilaya, anaokoa miguu mingi kuliko hadubini iliyofungiwa stoo.

Mguu wa kijana wa jirani

Nilisema nitaeleza ilipoishia. Hapa.

Mwaka uliofuata ajali yangu, kijana wa jirani alivunjika mguu kwa boda, mfupa wa mbele ukatoka nje, ngozi ikapotea upana wa kiganja. Walimwosha vizuri, wakamfunga vyuma. Daktari aliandika rufaa aende akafunikwe mfupa. Familia ikaipeleka karatasi kwenye ofisi moja inayoshughulikia mambo hayo. Waliambiwa wasubiri, mtu anayesaini yuko safarini. Wakasubiri siku 11. Miye nilikwenda kumwona mara 3, nikamwonyesha mkono wangu, nikamwambia atapona. Kila nikienda, mfupa ulikuwa wazi, umebadilika rangi kutoka nyeupe kwenda njano, halafu kama mti uliokauka. Nilijua ninachokiona. Nilikuwa nimeshasoma habari za Godina kwenye simu, kwa Kifaransa changu cha shule. Nikajiambia si kazi yangu, miye ni fundi nguo, nani atanisikiliza pale ofisini.

Walipomfikisha, usaha ulikuwa umeingia ndani ya mfupa. Walikata chini ya goti. Leo anauza muda wa simu pale stendi na ananisalimu vizuri. Hajui kwamba nilijua. Akisoma jarida hili atajua sasa, na namwomba msamaha hapa, kwa maandishi, kwa sababu kwa mdomo nimejaribu mara 2 nikashindwa.

Kwa hiyo historia hii naiandika kama deni. Ndugu zangu wa kambini, shikeni machache. Kidonda kilichovuliwa ngozi, mfupa au kano ikionekana, si kidonda cha kungoja. Osheni kwa maji safi mengi, funikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu, msipake majivu, mavi ya ng'ombe wala dawa ya meno, nendeni siku hiyo hiyo, ombeni sindano ya pepopunda. Daktari akikataa kushona siku ya kwanza, msimgombeze. Kidole kikikatika, mkitafute: kifungeni ndani ya kitambaa safi chenye unyevu, kitieni kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, mfuko huo ndio muuweke kwenye maji ya barafu. Kisiguse barafu yenyewe, kitaungua kwa baridi. Huenda pasipatikane wa kukirudisha, lakini kilichotupwa porini hakirudishwi na mtu yeyote.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, wengi wenu ni watu wema na mna fomu nyingi. Naomba jambo moja. Katika fomu ya rufaa yupo mgonjwa wa macho wa miezi, na yupo wa mfupa ulio wazi. Wote wameandikwa kwa kalamu moja, lakini saa zao si moja. Wekeni alama. Aliye na mfupa wazi au kano wazi asisubiri mtu aliye safarini. Pigeni simu. Na kama kuna fedha ya kufundisha, mfundisheni daktari wa wilaya kugeuza msuli wa shavu la mguu, na muuguzi kuangalia rangi ya kipande usiku, kabla ya kununua mashine.

Mkono wangu wa kushoto haukunji vizuri kidole cha mwisho. Kusukuma kitambaa chini ya sindano unaweza. Wiki iliyopita mama mmoja wa Kilembe aliniletea sare ya mtoto, imechanika begani, kitambaa chenyewe hakikutosha kuvuta. Nikakata kipande kwenye pindo la chini, pale pasipoonekana, nikakipandisha juu. Aliangalia akasema, "Fundi, mbona umeharibu chini?" Nikamwambia chini patapona, mama. Begani ndipo mtoto anapobebea mkoba.